Nimetoka Mchana: Tamthilia Ambayo Mpanda Haikuitazama

Mlioniaga kazini mlinipa keki na feni. Keki tuliimaliza palepale, na feni inanipulizia sasa hivi ninapoandika, umeme ukipenda. Nashukuru kwa vyote viwili. Lakini nyie vijana mliobaki na maiki zangu mkaongeza ombi: "Mama Kimya, tuandikie hata kidogo." Mimi kidogo sijui. Miaka yote ya kazi nimekuwa nikiwaambia watu wanyamaze, sasa zamu yangu ya kusema imefika. Vumilieni.

Jina langu ni Mama Kulwa. Mama Kimya nilipewa na waigizaji, kwa sababu kabla kamera haijawashwa mimi ndiye nilikuwa napiga kelele "Kimya!" mpaka kuku wanaruka. Vyeo sitaviandika. Kituo chetu cha kebo kilikuwa na vyeo viwili tu, Bosi na wengine, na mimi nimestaafu nikiwa wengine. Mshahara nao tuuache ulivyo, usije ukasikia unatajwa ukaona aibu.

Niliingia pale kufagia. Kituo kilikuwa chumba kimoja Majengo, nyuma ya duka la saruji la Bosi, na vumbi la saruji lilikuwa linaingia kila mahali, hata kwenye chai. Fundi wa sauti alikuwa Mzee Gervas, Mfipa mmoja mfupi aliyeanza kwa kutengeneza redio za mkulima. Siku yangu ya kwanza aliniona nimesimama na ufagio namtazama anavyokunja waya, akaniita.

"Wewe mama, fumba macho. Unasikia nini?"

Nikafumba. "Sisikii kitu, mzee."

"Haya, rudi kwenye ufagio wako."

Iliniuma, sitaficha. Nilifagia siku nzima huku nimetega masikio kama mwizi. Kesho yake nikamfuata mwenyewe, nikafumba macho bila kuombwa, nikamwambia nasikia cherehani ya jirani, bata wa nyuma ya choo, bati letu linavyolia kwa joto, na yeye mwenyewe anavyokoroma puani wakati yuko macho. Akacheka hadi akakaa. Akanipa hedifoni, akasema nizivae kwa adabu kwa sababu masikio ya watu wote wa Mpanda yatakuwa yanapitia kwangu.

Huyo mzee ndiye shule yangu. Alikuwa akisema jicho linasamehe lakini sikio halisamehe. Mtu atatazama picha yenye mchanga mpaka mwisho, ila sauti ikikwaruza atazima televisheni na kukutukana. Alinifundisha kufika mahali mapema, kuwasha mashine na kurekodi utupu wa pale kabla mtu hajafungua mdomo, kwa sababu kila mahali pana ukimya wake. Ukimya wa Kashaulili sokoni si ukimya wa shambani Magamba. Nyie siku hizi mnasema kompyuta itatengeneza. Mh! Tengenezeni tuone.

Vifaa tulijitengenezea. Fimbo ya maiki ilikuwa mwanzi, na maiki tuliifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili isitikisike. Upepo wa kiangazi tuliuzuia kwa ngozi ya kondoo yenye manyoya yake, tuliyoinunua kwa wafugaji Wasukuma mnadani, ambao walitaka kujua tunamvisha nani. Kuku wanaopiga kelele usiwafukuze, wamwagie mahindi, kuku anayekula hana maneno. Na bati mchana usiliamini. Jua likipanda, bati linatanuka na kulia tah! tah!, na hakuna mwigizaji duniani anayeweza kusema "nakupenda" chini ya mlio huo akaaminika.

Kazi zetu zilikuwa harusi, mikutano ya diwani, kwaya, na matangazo ya misiba. Mzee Gervas alipochoka alirudi kwao Ufipa, akaniachia hedifoni na kikohozi chake kwenye kanda za zamani. Nikabaki mimi na Masanja wa kamera, kijana wa Kisukuma mwenye mabega ya kubebea kila kitu na mdomo wa kutania kila mtu.

Basi, ilikuwa baada ya hapo ndipo Bosi akaingia wazimu wa tamthilia. Watu mjini walikuwa wanatazama tamthilia za nje zilizotiwa maneno ya Kiswahili, mpaka mama ntilie anaunguza wali. Bosi akasema na sisi tutengeneze ya kwetu. Mwandishi akapatikana Magamba, Mwalimu Yustina wa shule ya msingi, mama mnyamavu mwenye miwani iliyofungwa uzi, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine, yeye huyohuyo akawa mwongozaji. Akaleta hadithi inaitwa "Nimetoka Mchana". Ni ya mwanamke anayeishi na mume asiyempiga wala kumfukuza, anayemkausha tu pole pole, siku hadi siku. Mwishoni mwanamke anafunga nguo zake, anatoka mchana kweupe kwa njia kuu, anaondoka zake.

"Kwa nini mchana?" Bosi aliuliza.

"Anayetoka usiku anatafutwa kama mwizi," Mwalimu akajibu. "Anayetoka mchana ameaga."

Mume aliigizwa na fundi cherehani mmoja mpole hata mbuzi hawampishi njia, ilibidi tumfundishe kununa. Mke alikuwa Perusi. Huyu Perusi alikuwa anauza vitenge pale Kashaulili, kazaliwa na kukulia makazi ya Katumba, kwa wale wazee waliotoka Burundi zamani na sasa ni Watanzania kama mimi. Hakuwahi kuigiza popote zaidi ya kanisani, kwenye michezo ya Krismasi. Lakini akikaa tu kwenye kigoda akachambua mchele, kamera inamtii. Mimi nilikuwa nikimbandikia maiki ndogo isiyo na waya chini ya kitenge, kwa plasta ya dukani, isije ikakwaruzana na nguo. Ukimbandikia mtu maiki kifuani kila asubuhi, mnakuwa ndugu mpende msipende.

Mdhamini wetu alikuwa mwenye duka la magodoro. Alipopata habari kwamba mwisho wa hadithi mke anaondoka, alikuja kituoni jasho linamtoka.

"Bosi wangu, huyu mwanamke akiondoka, godoro la sita kwa sita nitamuuzia nani?"

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Bosi hakucheka. Aliamuru tupige miisho miwili, mmoja wa kupatana na mwingine wa kuondoka, halafu ataamua yeye. Ule wa kupatana tuliupiga haraka sebuleni kwa Mwalimu, mume anapiga goti, mke anafuta machozi, kwaya inaimba nje. Perusi aliucheza kama mtu anayemeza mrututu, ile dawa chungu. Wa kuondoka tukauacha siku ya mwisho, na Bosi akasema wazi: "Jua likizama hamjaupata, naweka wa kupatana. Kesho kamera inakwenda harusini."

Hapo ndipo kazi ilipotukuta. Mnaona ni jambo rahisi, si ndiyo? Mwanamke anatoka mlangoni na furushi kichwani, anashika njia ya Magamba, anapita mashamba ya mahindi mpaka anapotelea barabarani. Hana neno la kusema. Mimi kazi yangu ni nyayo zake na pumzi yake tu. Nilidhani tutamaliza kabla ya chai.

Akatoka. Akashika njia. Hajafika kwenye mgomba wa pili, kina mama wawili wakatokea na ndoo, wakatua ndoo zao.

"Jamani mwanangu, pole. Lete nikupokee."

Na furushi likashuka kichwani kwa Perusi likapanda kichwani kwa mama mmoja, na yule mama akageuka kuelekea nyumbani alikotoka Perusi. Perusi akabaki anamtazama. Tukarudia.

Huku kwetu mtu akipita na mzigo unampokea, hata kama humjui. Ukimwacha apite nao na wewe mikono yako mitupu, wataulizana umelelewa na nani. Sasa mwanamke mwenye furushi na macho mekundu, huyo unampokea halafu unageuza njia. Unambebea kurudi alikotoka, unaketi naye, wazee wanaitwa, yanaongelewa. Hawezi kuendelea na safari kwa sababu nguo zake ziko kichwani kwako, na kumpora mzigo mtu anayekusaidia ni ukosefu wa adabu. Hakuna anayemshika mkono wala kumfokea. Anarudishwa kwa heshima zote.

Mara ya pili mwanamume wa baiskeli alisimama, akafunga furushi kwenye keria bila kuuliza, akasema, "Shemeji, panda nikurudishe, hasira hasara." Tukamwita mwenyekiti wa kitongoji atangaze kwamba ni mchezo, watu wasiguse mzigo. Akatangaza vizuri sana, kwa kipaza sauti changu. Watu wakaitikia, wakakaa kando ya njia kutazama. Perusi akatoka tena. Na yule mwenyekiti mwenyewe, Mungu ananiona, akanyoosha mikono akampokea. Alipogundua alichofanya alishika mdomo.

"Samahani, Mwalimu. Mikono imekwenda yenyewe."

Masanja akashauri furushi liondolewe. Mwalimu akakataa. Alisema mwanamke akipita mikono mitupu kwenye televisheni, watazamaji watadhani anakwenda dukani kununua kiberiti. Tukabadilisha furushi tukampa begi, begi nalo likapokelewa. Tukahamia njia nyingine, upande wa bondeni ambako hakuna nyumba. Huko tukamkuta Bibi Nyanzobe.

Bibi huyu alikuwa Msukuma, mwembamba, mrefu, familia yake ilihamia na ng'ombe zamani. Alikuwa anachunga ndama wawili. Alimwona Perusi kwa mbali, akawaacha ndama, akaja hatua ndefu ndefu, akapokea furushi, akageuza. Mara ya kwanza tukarudia. Mara ya pili nikatupa hedifoni shingoni nikamfuata.

"Bibi! Huu ni mchezo, bibi! Wa televisheni!"

"Najua ni mchezo. Mimi sina wazimu, nawaona na ngozi yenu ya kondoo."

"Sasa mbona unampokea?"

"Mzigo nao ni mchezo? Shingo yake ni mchezo? Siwezi kumwangalia mtoto wa watu anapita na furushi, mimi nimekaa na fimbo ya ndama. Nitamwambia nini marehemu mama yangu?"

Nyie mngempa jibu gani? Nilirudi kwenye mashine yangu nimekasirika, na aliyenikasirisha simjui, maana bibi hakuwa na kosa hata moja.

Jua lilikuwa limeanza kulegea. Masanja alikuwa anafuta lenzi huku anaimba nyimbo za kupoteza matumaini. Mwalimu alikaa kwenye jiwe, kashika kichwa. Nikavaa hedifoni nipime kama betri bado ina uhai, na ndani ya masikio yangu nikamsikia Perusi. Alikuwa amesimama peke yake mbali, kwenye kona ya njia, amesahau kwamba maiki iko kifuani. Waigizaji wote husahau, na fundi mwenye adabu huvua hedifoni. Mimi sikuvua.

"Mmoja apite," alikuwa akisema kwa sauti ya chini. "Mungu wangu, hata mmoja tu apite."

Nikamfuata. Nikajifanya narekebisha plasta.

"Perusi, nani apite?"

Akaniangalia, akajua nimesikia. Hakukasirika. Akaanza kunieleza huku anatazama njia.

"Mama yangu, Mama Kulwa. Kule Katumba. Baba ana ufunguo wa stoo, anautembeza shingoni. Mama analima yeye, anavuna yeye, akitaka unga wa kupika anaomba kama mgeni. Baba anampimia. Siku akiwa na hasira hampimii. Nikiwa mdogo, mama amefunga furushi mara nyingi mno. Anatoka na mimi mgongoni, baadaye namfuata kwa miguu. Na kila mara watu wazuri wanampokea mzigo. Watu wazuri, Mama Kulwa, wanalia pamoja naye! Wanambebea mpaka mlangoni kwa baba. Baba anawapa viti, anawashukuru. Wakiondoka anacheka." Akafuta pua kwa ncha ya kitenge. "Siku moja mama aliniambia hajawahi kumwona mwanamke aliyepita akafika. Hata mmoja hajamwona. Anadhani haiwezekani. Ndiyo maana nilikubali kazi hii. Nataka amwone mmoja, hata akiwa wa televisheni."

Nikambandika plasta upya kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Sasa nenda ukapite," nikamwambia. "Mimi nitabaki na masikio yangu hapa mpaka upite. Jua likizama nitalisubiri lirudi."

Nikamwendea Mwalimu nikamwambia hivyohivyo. Nikamwambia Masanja akiiweka kamera chini kabla sijasema basi, nitamvika ile ngozi ya kondoo na kumpeleka mnadani. Masanja akaacha kuimba.

Perusi akaenda kule mwanzo wa njia, akajitwika furushi. Nikapaza sauti yangu ya Kimya! mpaka ndama wakasimama. Akaanza kuja. Nilisikia nyayo zake kwenye vumbi kavu, laini, na pumzi imebana. Bibi Nyanzobe akamwona, akaja na hatua zake ndefu.

"Lete, mwanangu. Nikupokee."

Hapo Perusi hakufanya kama zile mara nyingine. Alishusha furushi mwenyewe, akalishika kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama anavyopiga goti binti mwenye heshima, akampa bibi.

"Asante, bibi. Mungu akubariki."

Akanyanyuka, akaendelea mbele. Mikono mitupu. Hakugeuka.

Bibi alikuwa tayari amegeukia nyumbani, furushi kichwani. Akapiga hatua, akasikia hakuna anayemfuata. Akageuka. Perusi anakwenda. "Wee mwanangu! Mzigo wako!" Perusi anakwenda. Mimi nilikuwa nimeacha kupumua, maana Mzee Gervas alinifundisha kwamba pumzi ya fundi nayo inaingia kwenye kanda. Bibi akasimama katikati ya njia na nguo za mtu kichwani. Hawezi kuzitua chini kwenye vumbi. Hawezi kuzipeleka nyumbani ambako mwenyewe hayupo. Nilimwona anatazama upande huu na upande ule. Halafu akasema kitu kwa Kisukuma ambacho Masanja mpaka leo anakataa kunitafsiria, akapandisha kanga yake kiunoni, akaanza kutembea kumfuata Perusi. Mbele. Kwenye barabara.

"Basi nisubiri! Usiende peke yako!"

Na Perusi akamsubiri. Wakaenda pamoja, mrefu na mfupi, furushi likiyumba kichwani kwa bibi, mpaka wakapotelea nyuma ya mahindi. Mwalimu Yustina alikuwa amevua miwani. Mimi nilikuwa nalia wazi, machozi yanaingia kwenye hedifoni, na hizo hedifoni hazikuwa na bima.

Ilibaki vita ya Bosi. Alitazama mwisho ule kituoni mikono kiunoni, akauliza bibi tulimkodi wapi. Tukamwambia ni mchunga ndama. Akasema ni mzuri, lakini magodoro ni magodoro, aweke wa kupatana. Nikamwambia wa kupatana haufai, sauti yake imeharibika. Akasema nimsikilizishe. Nikamsikilizisha. Mume anapiga goti, "Mke wangu, nisamehe," tah! Mke anafuta machozi, tah! tah! Tulirekodi sebuleni kwa Mwalimu mchana wa jua kali, chini ya bati.

"Huwezi kuitengeneza?"

"Siwezi, Bosi."

Ningeweza. Kazi ya jioni moja. Na kama mnasubiri niseme najuta, tafuteni kigoda mkae, mtasubiri sana.

Sehemu ya mwisho ikarushwa Jumapili alasiri, saa ileile timu mbili kubwa za nchi hii zinacheza, na umeme ukakatika Mpanda yote nusu ya kipindi. Jumatatu nilipita sokoni nimetega masikio kusikia watu wanasemaje. Walikuwa wanagombania penalti. Hakuna aliyepiga simu kituoni isipokuwa mwenye magodoro, kuvunja mkataba. Bosi akarudi kwenye harusi na misiba, Mwalimu Yustina akarudi darasani, na "Nimetoka Mchana" ikawekwa kabatini pamoja na kwaya zilizopitwa na wakati.

Baada ya mavuno Perusi akaja kituoni. Alisema kule Katumba kebo haifiki, na simu yake sauti haitoshi, masikio ya mama yamechoka. Nikachukua kompyuta ya kituo, nikachukua spika kubwa ile ya mikutano. Bosi aliuliza naipeleka wapi. Nikamwambia kuna mtazamaji.

Tulifika mchana. Nyumba nzuri ya matofali, uwanja umefagiwa mistari. Baba yake Perusi, mzee mtanashati, alitupokea kwa ukarimu mkubwa, akatoa viti. Ufunguo ulikuwa shingoni kweli, kwenye kamba ya kiatu. Mama alitoka jikoni anafuta mikono. Mwembamba, na macho ya Perusi yaleyale.

Tukaweka kompyuta kwenye kiti barazani. Mzee naye akakaa kutazama, akamsifia binti yake, akacheka pale mume wa tamthilia anaponuna. Mama hakucheka. Bibi Nyanzobe alipopokea furushi, nilimsikia mama anashusha pumzi, kama mtu aliyejua itaishia hapohapo. Perusi wa kwenye kioo akaendelea mbele. Mama akasogeza kiti chake. Bibi akasimama njiani, akageuka, akafuata.

"Huyo bibi alimpeleka mbele?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama," Perusi akajibu.

"Akafika?"

"Alifika, mama."

"Rudisha nione."

Nikarudisha. Alimaliza kuitazama. Akanyanyuka, akaenda nyuma kunawa miguu, akaingia ndani. Tukamsikia anafungua kasha, halafu anafunga. Akatoka amevaa viatu vya kanisani na kitenge cha kushindia, mikononi hana kitu.

"Baba Perusi," akasema, "unga ulionipimia uko kwenye beseni. Mboga nimeshachambua."

"Unakwenda wapi, na jua hili?"

"Kwa Perusi."

"Kusalimia?"

"Kukaa."

Mzee akacheka, akatutazama ili na sisi tucheke. Tulipokosa kucheka akaita majirani kwa sauti ya upole, jamani njooni, Mama Perusi ameanza tena mambo yake. Wakaja upesi, watu wazuri kama alivyosema Perusi, nyuso zao zimejaa huruma, mikono imeshatangulia mbele. Mama mmoja wa rika lake alimfikia wa kwanza.

"Dada yangu, pole. Lete nikupokee mzigo, turudi tukaongee."

"Sina mzigo," mama akasema.

Akafungua viganja akamwonyesha. Yule jirani akavitazama. Wote wakavitazama. Mikono yao ilibaki hewani pale, haina cha kushika, na mama akapita katikati yao taratibu, Perusi nyuma yake. Mimi nikafuata nikihema, spika ya mikutano kichwani, kompyuta kwapani. Yule jirani akageuka, akaniona navyohangaika, akanipokea spika. Akajitwika, akatuongoza mpaka barabarani, na hakuuliza tunakwenda wapi.